Soma Kwanza, Nunua Baadaye

Muhula uliopita nilipata heshima ya kualikwa na Chama cha Stampu na Sarafu cha shule yetu. Nilikuta vijana kumi na wanane wameizunguka meza, na katikati ya meza pana picha tatu za sarafu moja ya fedha. Mwenyekiti wao akaniambia, "Mzee, tumepata bahati. Yuko mtu anayetaka kutuuzia reale nane ya Amerika ya Kusini ya mwaka 1813. Ni adimu sana. Tumeweka akiba kwa mihula mitatu, nayo yatosha kabisa. Twaomba baraka zako tu."

Niliomba nipewe muda wa kufikiri. Nimekwisha kufikiri, na jibu langu naliandika hapa mbele ya wote, wanafunzi wa leo na wenzangu wa zamani, kwa kuwa jambo hili si la watu kumi na wanane peke yao. Jibu langu ni hili: msiinunue. Tena nasema: msiache kukusanya sarafu za Amerika ya Kusini. Huenda maneno haya mawili yakaonekana kama yanapingana. Nipeni nafasi niyaeleze.

Kwanza niwaeleze sarafu yenyewe, maana siku ile niliuliza swali moja tu, "Kwa nini sarafu hii ni adimu?" na jibu nililopewa lilikuwa, "Kwa sababu bei yake ni kubwa." Hilo si jibu. Ni sawa na kusema kwamba mtu ni mgonjwa kwa sababu amelala hospitalini.

Katika nchi ambayo leo yaitwa Bolivia, juu katika milima ya Andes, upo mji wa Potosí, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Mji huo umekaa chini ya mlima ambao Wahispania waliuita Cerro Rico, yaani Mlima Tajiri. Fedha iligunduliwa katika mlima huo mwaka 1545. Katika miaka ya 1570 mtawala aliyetumwa na mfalme wa Hispania, Francisco de Toledo, aliweka utaratibu ulioitwa mita, ambao kwa huo vijiji vya wenyeji vililazimishwa kutoa watu kwa zamu kwenda machimboni. Wengi hawakurudi makwao. Waafrika nao, waliovushwa bahari katika utumwa, walitumikishwa katika nyumba ya kupigia sarafu ya Potosí. Basi mtu wetu asiseme kwamba fedha ile haituhusu. Mikono ya watu wa bara letu ilikuwamo.

Kwa muda wa miaka karibu mia mbili na arobaini sarafu zilizotoka katika nyumba ile zilibeba jina la mfalme wa Hispania au nembo yake. Kisha, mwezi wa Mei mwaka 1810, watu wa Buenos Aires walimwondoa mtawala wa mfalme, na vita ya uhuru ikaanza. Tarehe 20 Februari 1813 jeshi lao, likiongozwa na Manuel Belgrano, lilishinda huko Salta, kisha likapanda milimani na kuingia Potosí. Tarehe 13 Aprili mwaka ule ule Baraza lililokutana Buenos Aires likaamuru kwamba nyumba ya sarafu ya Potosí ipige sarafu mpya zisizo na mfalme.

Sarafu hizo ndizo mlizoonyeshwa katika picha. Upande mmoja pana jua lenye uso wa mtu, na kulizunguka jua yameandikwa maneno ya Kihispania PROVINCIAS DEL RIO DE LA PLATA, maana yake Mikoa ya Mto wa Plata. Upande wa pili pana mikono miwili iliyoshikana, nayo imeshika mkuki wenye kofia ya uhuru nchani. Maneno yake ni EN UNION Y LIBERTAD, yaani Katika Umoja na Uhuru. Halafu pana herufi za Potosí zilizofumwa pamoja kama PTS, herufi J ya mpimaji wa fedha, thamani 8 R, na mwaka 1813. Kwa watu waliozaliwa wakiona uso wa mfalme katika kila kipande cha fedha, hebu fikirini ilikuwaje kupokea mkononi sarafu yenye jua.

Lakini furaha ile haikudumu. Tarehe 1 Oktoba 1813 Belgrano alishindwa huko Vilcapugio, na tarehe 14 Novemba akashindwa tena huko Ayohuma. Alipokuwa akikimbia aliamuru nyumba ya sarafu ilipuliwe kwa baruti ili adui asiipate. Mpango ule haukufaulu. Nyumba ingali imesimama hata leo, nayo ni makumbusho. Wahispania wakarudi, na sarafu za Potosí za mwaka 1814 zikawa na jina la mfalme Ferdinand wa Saba kama zamani. Mwaka 1815 jeshi la Buenos Aires likaingia tena, safari hii chini ya José Rondeau, na jua likarudi katika sarafu. Novemba mwaka ule ule Rondeau akapigwa huko Sipe-Sipe, na mfalme akarudi tena. Sarafu za mfalme ziliendelea kupigwa Potosí mpaka mwaka 1825.

Sasa swali langu limepata jibu lake. Reale nane za jua za Potosí ni za mwaka 1813 na 1815 tu, kwa sababu tangu amri ile hiyo ndiyo miaka ambayo watu wa uhuru waliushika mji. Uhaba wake ni hesabu ya vita walizoshindwa. Na ona faida ya kujua hayo: akija mtu kesho kukuuzia sarafu ya jua ya Potosí ya mwaka 1814, huna haja ya mizani wala kioo cha kukuzia. Mwambie kwaheri.

Sasa nirudi kwenye picha zenu. Muuzaji ameandika kwamba sarafu yake "ilipigwa Buenos Aires." Herufi za Potosí zimo katika picha yake mwenyewe, naye hakuzisoma. Hilo la kwanza. La pili, hakutaja uzito. Reale nane nzima ya wakati ule ina uzito wa gramu 27 hivi, na mtu mwenye sarafu halali haoni taabu kuiweka juu ya mizani. La tatu, ametuma picha mbili za mbele na moja ya nyuma, lakini ukingo hakuuonyesha, na ukingo ndio mahali ambapo mwongo huchoka. La nne, katika uwanja uliolizunguka jua naona vishimo vidogo vidogo, kama vya andazi lililokatwa. Sarafu za kweli za Potosí za wakati ule zilipigwa, yaani kipande cha fedha kiliwekwa kati ya chapa mbili za chuma kikabanwa kwa nguvu nyingi, na uso wake ukawa umebanana. Vishimo vya namna ile aghalabu ni dalili ya madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Sisemi kwamba nimethibitisha. Picha hazithibitishi kitu. Nasema kwamba mtu anayetoa akiba ya vijana kumi na wanane kwa ushahidi kama huu hakununua sarafu, amecheza kamari.

Huenda mkaniuliza, "Mzee, wewe umeyajuaje haya?" Nimeyajua kwa kulipa ada. Miaka mingi iliyopita nilinunua reale nane ya jua kama hiyo yenu. Mfanyabiashara aliyeniuzia simtaji jina. Mshahara wangu wa mwezi ulikwenda wote, na nyumbani tulikula maharage mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Mke wangu hakunigombeza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko ugomvi. Nilikaa na sarafu ile miaka miwili nikijisifu, hata siku moja nilipoipeleka kwa mfua fedha mzee, ambaye hajui kusoma Kihispania wala hajasikia habari za Potosí. Aliishika, akaidondosha juu ya jiwe lake, akasikiliza, akaiweka juu ya mizani. Ilikuwa gramu 21. Akasema, "Mwanangu, hii ni shaba nyeupe iliyooshwa kwa fedha." Basi. Yeye alitumia dakika moja, mimi nilikuwa nimetumia miaka miwili, kwa sababu nilikuwa napenda kuamini.

Nina kosa lingine la kuungama, na hili laniuma zaidi, maana hapo sikudanganywa na mtu. Nilipokuwa mwanafunzi, shangazi yangu aliyeolewa pwani alinipa reale moja ambayo mama mkwe wake aliivaa shingoni. Ilikuwa na tundu juu. Upande mmoja pana kichwa cha mfalme Carlos wa Nne na mwaka 1806. Upande wa pili pana nembo ya Hispania kati ya nguzo mbili, pamoja na herufi za Potosí. Fedha yake ilikuwa imeingia weusi mzuri wa uzee, na katika weusi ule kila herufi ilisomeka. Siku ya maonyesho ya shule ilipokaribia nikaona haya kuileta ikiwa nyeusi. Nikachukua majivu na ndimu, nikaisugua mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Mwalimu wetu wa historia alipoiona alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Umeisugua kwa muda gani?" Nikajibu kwa fahari, "Saa nzima, Bwana." Akasema, "Basi kwa saa moja umeondoa miaka mia moja na zaidi." Sikumwelewa siku ile. Leo nikiitazama naona mikwaruzo ya majivu usoni pa mfalme, nami naelewa.

Reale ile ndiyo jibu langu kwa wale wasemao kwamba Amerika ya Kusini ni mbali mno na sisi. Wazee wa pwani waliijua vizuri sarafu ya namna hiyo. Waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa zile nguzo mbili machoni pao zilikuwa mizinga miwili iliyosimamishwa. Reale ya Maria Theresa, iliyotoka Austria, waliiita reale ya Sham. Hata neno lenyewe, reale, asili yake ni Kihispania. Fedha iliyochimbwa katika mlima wa Potosí ilivuka bahari, ikapita mikono ya wafanyabiashara wengi, ikafika katika bandari zetu, na mwisho ikatundikwa shingoni pa bibi mmoja ambaye hakuwa na habari yo yote ya Cerro Rico. Anayeweza kuifuata safari hiyo kwa akili yake amekwisha kuwa mkusanyaji, hata kama sarafu yake ina tundu na haina bei.

Watu wengine watasema, "Hayo ni mambo ya wenye fedha. Sarafu adimu ni za matajiri wa Ulaya na Marekani." Ni kweli kwamba ziko sarafu ambazo hatutazishika maisha yetu yote. Mwaka 1822, Brazili ilipojitenga na Ureno, walipiga sarafu za dhahabu za reisi 6,400 kwa ajili ya kutawazwa kwa Pedro wa Kwanza. Zilipigwa 64 tu. Yasemwa kwamba Kaizari hakupendezwa nazo, kwa kuwa zilimwonyesha bega wazi kama mtawala wa Kirumi, na maneno ya kutaja kwamba yeye ni mtawala wa kikatiba yaliachwa. Kazi ikasimamishwa. Moja ya sarafu hizo iliuzwa katika mnada huko Marekani mwaka 2014 kwa karibu nusu milioni ya dola. Je, mwanafunzi asiye na kitu apate nini hapo? Apate habari yenyewe. Aliyeinunua alilipa nusu milioni, nawe umeisoma sasa hivi bila kulipa hata senti moja, nayo ni sehemu iliyo bora zaidi ya sarafu ile.

Lakini sitaki mridhike na kusoma tu, maana hata mimi napenda kushika kitu mkononi. Basi nitawaonyesha njia ya mtu mwenye akiba ndogo.

Brazili hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1810, ilikuwa inachukua reale nane za Kihispania zilizopigwa Potosí, Lima, Meksiko na kwingineko, na kuzipiga upya kwa chapa ya Kireno. Serikali ilizipokea kwa thamani ndogo, ikazitoa tena kwa thamani ya reisi 960, na tofauti ikawa faida yake. Kazi ilifanywa haraka, na mara nyingi sarafu ya zamani haikufutika yote. Ukiigeuza polepole karibu na dirisha, chini ya nembo ya Ureno waona pua ya mfalme wa Hispania, au nusu ya mwaka, au herufi za Potosí. Sarafu hizo zimebaki nyingi, na zilizochakaa si ghali kama ile yenu ya jua. Ziko mbili katika kipande kimoja, na kuisoma ile ya chini ni kazi ya jioni nyingi. Kama Chama kingeniuliza kinunue nini kwanza, ningesema hiyo.

Au tazameni Peru. José de San Martín alitangaza uhuru mjini Lima tarehe 28 Julai 1821. Mwaka uliofuata nyumba ya sarafu ya Lima ikaanza kupiga reale nane zenye maneno PERU LIBRE, yaani Peru Huru. Mapema mwaka 1824 majeshi ya mfalme yakauteka mji tena. Wangeweza kuziyeyusha sarafu zile, lakini vita yataka fedha upesi. Basi walizigonga chapa ndogo ya taji na mwaka 1824, wakazirudisha sokoni. Sarafu ikatembea imebeba Peru Huru na taji la mfalme pamoja, hata majeshi yale yaliposhindwa Ayacucho tarehe 9 Desemba mwaka ule ule. Sijui kitabu cha historia kinachoeleza mwaka 1824 kwa maneno machache kuliko hayo. Hizo si rahisi kupatikana, na za kughushi zimo, kwa kuwa ni rahisi kwa mwongo kuchukua sarafu halali na kuigonga taji lake mwenyewe. Lakini anayejua habari yake hujua la kuuliza.

Naongeza moja tu, ya Urugwai. Kuanzia mwaka 1843 mji wa Montevideo ulizingirwa na adui kwa upande wa nchi kavu, na mazingira yale yaliendelea mpaka mwaka 1851. Mwaka 1844, katikati ya shida hiyo, mji ulipiga peso ya fedha yenye maneno SITIO DE MONTEVIDEO, yaani Mazingira ya Montevideo. Watu waliofungiwa ndani ya kuta walitaka mtu ye yote atakayeishika fedha yao ajue hali yao. Zilipigwa chache. Hapo pia uhaba si bahati, wala si ujanja wa wauzaji.

Katika mifano hiyo yote mwaona jambo moja. Sarafu huwa adimu kwa sababu jambo fulani liliwapata watu: walishindwa vita, walizingirwa, mtawala alikasirika, adui alirudi. Mkusanyaji anayelijua jambo hilo ana sarafu. Asiyelijua ana kipande cha madini na karatasi ya bei, na siku bei ikianguka atabaki na madini tu. Tena, kama mlivyoona katika habari yangu ya gramu 21, asiyelijua ndiye windo la wauzaji waongo. Ndiyo maana nasema kwamba kukataa sarafu ile na kuendelea kukusanya ni neno moja. Mapenzi ya kweli ya sarafu hizi ndiyo yanayotuzuia kuinunua.

Yuko mwanachama mmoja aliyeniambia, nikitoka, "Lakini Mzee, tukichelewa itachukuliwa na wengine." Ndugu yangu, hofu hiyo ndiyo bidhaa anayoiuza yule mtu. Sarafu ya kweli ya mwaka 1813 imengoja zaidi ya miaka mia mbili. Yaweza kungoja muhula mmoja ninyi mkijifunza. Na kama si ya kweli, mwacheni huyo mwingine aichukue, ijapokuwa namwonea huruma.

Yafaa basi nitoe shauri, maana kukataza bila kuonyesha njia ni kazi rahisi. Nashauri akiba ya Chama igawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza linunue mizani ndogo ya kupima mpaka sehemu ya kumi ya gramu, kioo cha kukuzia, na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, na waongo wengine ni wavivu hata kulisahau hilo. Fungu la pili linunue kitabu kizuri cha orodha ya sarafu za dunia za karne ya 19, hata kama kimetumika. Kiwekwe katika maktaba, si nyumbani kwa mwenyekiti. Fungu la tatu lingoje. Likifika wakati wake, linunue reisi 960 moja iliyochakaa, kwa mtu anayekubali kuirudishiwa kama si halali, naye aandike ahadi hiyo kwa mkono wake.

Na kabla ya hayo, kazi isiyogharimu kitu. Benki Kuu ya Uganda ilianzishwa mwaka 1966, na mwaka ule ule shilingi zetu wenyewe zikatoka zikiwa na korongo wetu, badala ya zile za Afrika ya Mashariki zilizobeba majina ya wafalme wa Uingereza na Malkia. Nasi tulikuwa na siku yetu ya kuliona jua katika sarafu, na kwetu haikuja na kushindwa vita. Wangapi kati yenu wanayo shilingi ya mwaka 1966? Ziko katika makopo ya bibi zenu, pamoja na vifungo na sindano. Kaziombeni kwa adabu. Waulizeni bibi walinunua nini kwa shilingi moja mwaka ule, mkaandike majibu yao. Msizisugue. Msiponiamini katika lo lote lingine, niaminini katika hilo.

Wenzangu wa zamani nao nina neno kwao. Wengi wetu husafiri, na wengine wana watoto ng'ambo. Tukirudi huwaletea vijana hawa fulana na kalamu. Kitabu kimoja cha sarafu kingewafaa zaidi, na si kizito katika sanduku.

Nikialikwa tena nitakuja na vitu viwili. Cha kwanza ni ile sarafu yangu ya uwongo ya gramu 21. Nilikuwa nimeificha miaka yote hii chini ya nguo zangu. Sasa naitoa kwa Chama, iwekwe mezani kila mwanachama mpya aishike, aisikilize, aone vishimo vyake. Cha pili ni reale ya mzinga ya shangazi, yenye tundu na mikwaruzo ya majivu. Hiyo naiazima tu. Nataka vijana waione karibu na ile ya uwongo, waseme wenyewe ipi ni sarafu. Kisha wairudishe, maana mjukuu wangu ameanza kuniuliza ile mizinga miwili ni ya nani.